Alhamisi za Silvère

Athanasie alimimina maziwa ya Munyakazi kwenye kikombe kidogo cha kioo, akatia spiriti kiasi kilekile, akatikisa. Chembe nyeupe zikang'ang'ania ukingoni. Maziwa yalikuwa yameanza kuchacha. Munyakazi alikuwa ameyaleta kwa baiskeli kutoka Ndera, lakini pale kiwandani wafugaji wakubwa na magari yao hutangulizwa, na yeye alikuwa amesimama juani mpaka zamu yake ilipofika.

"Mama, maziwa iko mzima," alisema. "Jua tu ndiyo imepiga yeye."

"Najua, muzee. Spiriti haijui mambo ya jua."

"Sawa. Kesho spiriti ije ikamue ng'ombe, mimi nilale."

Athanasie alicheka kidogo, kisha akayamwaga maziwa mferejini, maana kanuni ya kampuni ilikataza kuyarudisha.

Jioni, mumewe, Silvère, alikuja kazini. Alikuwa amefariki mwaka juzi wakati wa mvua na kuzikwa Rusororo. Mlinzi wa getini, Twizeyimana, alimwambia kwamba kitambulisho chake kimekwisha muda, akampa cha mgeni.

Alikuja kwa sababu aliitwa. Kampuni, ambayo ni kubwa kuliko zote za maziwa mjini, ilikuwa imetangaza kwamba yeyote mwenye wazo la kupindua namna inavyofanya kazi aje ukumbini kila Alhamisi, na aje mwenyewe. Ukumbi ulipakwa rangi ya chungwa. Yalinunuliwa makochi laini kama magunia ya maharage, na ukumbi ukawekwa chini ya usimamizi wa Bruce, kijana aliyekulia Kampala na aliyevaa raba na suti. Kazi yake ilikuwa kuwatia watu moyo wa kuvunja mazoea.

Silvère alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alipokuwa hai alisema jambo moja miaka nenda rudi: lori lifungwe tangi la joto, lipite kwa wafugaji wadogo, na maziwa yanayoanza kuchacha yagande humohumo njiani, yafike mjini yakiwa ikivuguto, yale maziwa mazito ambayo watu wa Kigali hunywa kwa chapati. Hakuna tone ambalo lingemwagwa. Wakati huo aliambiwa aendeshe gari.

Sasa walimsikiliza. Alipoanza kueleza, maziwa yaliyokuwa kwenye majagi mezani yaliganda taratibu, meupe, laini, bila maji juu. Lillian wa idara ya fedha aliomba kijiko.

"Imekosa sukari tu," alisema.

"Silvère, wewe ndiye mtu tunayemtafuta!" alisema Bruce. "Huogopi kushindwa."

"Nimebakiza kuogopa nini, bosi?"

Wote wakacheka. Wakamwomba arudi Alhamisi ijayo na maelezo mafupi zaidi.

Baada ya mkutano aliteremka na mkewe hadi Kimisagara, akimbebea mkoba. Koti lake lilinuka udongo, kama la mtu aliyetoka kupalilia. Nyumbani hakula, lakini aliketi pale alipozoea kuketi, akauliza habari za bati linalovuja na za jirani aliyekuwa akiwadai ngazi.

"Huko wanakupa ruhusa?" Athanasie alimuuliza.

"Wananipa. Wanajua nina kazi sijaimaliza. Lile lori likikubaliwa, nitapumzika."

"Utapumzika kabisa?"

"Kabisa, Atha."

Zikapita Alhamisi nyingi. Walimtaka aongeze picha, kisha apunguze picha. Walimtaka alipatie lori jina. Walimwambia asubiri bajeti, na wafu wanajua kusubiri. Athanasie alishona kitenge kipya. Wenzake walisema amenenepa. Kila asubuhi alipima maziwa ya Munyakazi, na asubuhi nyingi aliyamwaga.

Siku moja Munyakazi alimwambia kwamba amepata mtu wa kumnunua ng'ombe wake.

"Usiuze kwanza, muzee."

"Nisubiri nini, mama?"

Athanasie alijua ni lori, akainama kukiosha kikombe cha kioo.

Alhamisi hiyo mkurugenzi mkuu, Nsengiyumva, alikuja mwenyewe kutoa uamuzi. Bruce aliita mtu wa mapokezi ya maziwa.

"Dada Athanasie, wewe ndiye unakaa na wafugaji. Hili lori linafaa ama halifai? Neno lako ndilo tunangoja."

Athanasie alimtazama mumewe, aliyezama kwenye kochi la gunia huku kitambulisho cha mgeni kikining'inia kifuani. Angesema tu halifai, Silvère angeendelea kurudi kila wiki hadi yeye mwenyewe azeeke.

"Linafaa," alisema. "Hata mwaka juzi lilifaa."

Silvère aliinamisha kichwa, kama siku ile Athanasie alipomkubalia posa.

Mkurugenzi alionja kutoka kwenye jagi, akapangusa masharubu. Alisema hajawahi kusikia wazo zuri kama hilo tangu kampuni ianzishwe, na kwamba wazo la namna hiyo halistahili kuharakishwa. Litapewa tuzo. Ukumbi utaitwa kwa jina la Silvère, naye ataombwa kuja kila Alhamisi kuwatia wengine moyo wa kuthubutu. Kuhusu malori, yaendelee kama yalivyo, maana yanafanya kazi vizuri. Watu wakapiga makofi. Twizeyimana akaagizwa kutengeneza kitambulisho cha kudumu.

Njiani kuteremka Athanasie alijaribu kukasirika, na kwa hatua kadhaa alikasirika kweli.

"Wamekudharau tena."

"Wamenidharau," alikubali Silvère, bila uchungu. "Lakini wiki ijayo niko."

Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na alikuwa ameuzoea. Watu waliokuwa wakipanda waliwasalimia wote wawili.

"Munyakazi nimwambie nini?"

"Mwambie awe anakuja mapema."

"Huja mapema, Silvère."

Walifika kwenye genge la nyanya, na muuzaji, aliyekuwa hajamwona tangu mazishi, akamkagua kuanzia juu hadi chini.

"Yewe, Silvère! Umekonda!"

"Ni kazi, mama," alisema Silvère. "Siku hizi hawawezi bila mimi."

Athanasie aliinama akaanza kuchagua nyanya, moja moja, bila haraka.