Siki Kwenye Tangi la Mzee Breki

Mzee Breki alifundisha watu kuendesha gari mpaka nywele zikamwisha kichwani, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Gari la mafunzo lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na yeye alikuwa mwepesi wa kukanyaga ya kwake kabla mwanafunzi hajajua kama kuna hatari. Alipostaafu akaangukia kwenye samaki. Siyo wa kikaango. Alinunua tangi la kioo refu kama kitanda, akalijaza maji ya chumvi, akapanga mawe na kupandikiza matumbawe hai, mengine yamejikunjakunja kama ubongo, mengine yana vidole vinavyochezacheza pampu ikisukuma maji. Humo wakaogelea samaki wa njano, wa bluu, na wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao aliwaita Maharusi kwa kuwa hawakuachana hata wakati wa kula.

Kila asubuhi alivuta siki nyeupe kidogo kwa bomba la sindano na kuidondosha tangini. Mgeni akishangaa, mzee alifurahi, maana hapo ndipo darasa lilipoanza.

"Siki hii siyo ya samaki," angesema. "Ni chakula cha bakteria waliomo majini. Wakishiba wanakula na uchafu wa samaki, halafu ile mashine ya povu inawatoa nje. Lakini usiwazidishie. Ukiwazidishia wanazaana kama vichaa, wanavuta hewa yote iliyomo, na samaki anakosa pumzi akiwa humohumo ndani ya maji."

Mwanawe wa pekee, muuza simu, alilisikia darasa hilo mara nyingi, ila kwa sikio moja. Lile lingine lilikuwa kwenye simu.

Kisha kiharusi kikamwangusha mzee bafuni. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: sawa. Akili ilibaki nzima. Alijua anachotaka kusema, alikiona kabisa, ila akifungua mdomo kilichotoka ni sawa. Akitaka maji, sawa. Akikataa chai, sawa. Siku moja alitaka kumwita marehemu mkewe kwa jina, akasema sawa, sawa, mpaka akageuza uso kwa aibu.

Mwanawe akahamia pale na mkewe, mshonaji wa sare za shule. Walimhudumia vizuri, hilo hakuna wa kulikana. Wakamwekea kiti chenye mito mbele ya tangi ili aburudike. Lakini mwana aliwamwagia samaki chakula kwa kiganja kizima, kwa huruma tu, na siki hakuna aliyeikumbuka. Utando wa kijani ukaanza kupanda juu ya mawe. Mzee aliuona ukipanda, akakaa nao.

Asubuhi moja kabla ya kwenda dukani, mwana akatokea jikoni akipiga mluzi, chupa ya siki mkononi.

"Nimekumbuka dawa yako, baba. Tangu uumwe hawajapata hata tone, ndiyo maana kumeota majani. Leo nawafidia."

Akavuta siki kwa bomba, akaitia majini. Moyo wa mzee ukatulia. Kipimo kilikuwa chenyewe. Mwana akavuta tena, akatia. Akavuta tena.

"Sawa," alisema mzee, akitikisa kichwa.

"Sawa, baba. Bado kidogo." Akalitazama bomba, akaliweka pembeni. "Kwa mwendo huu nitachelewa kazini." Akaiinamisha chupa.

"Sawa. Sawa, sawa, sawa." Mguu wa kushoto wa mzee ukakandamiza sakafu kwa nguvu zake zote, ukaganda hapohapo.

Mwana akacheka, akamwita mkewe. "Njoo umwone baba alivyofurahi. Mpaka mguu anapiga."

Kesho yake maji yalikuwa meupemeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Mwana akainama mbele ya kioo, akaridhika. "Uchafu unang'oka," alisema, akaimalizia chupa, akambusu babake kichwani na kwenda zake. Mzee alimkamata shati. Mwana akavibandua vidole vyake taratibu, akamwambia atarudi mapema.

Ilipokaribia adhuhuri tangi lilikuwa jeupe kama maziwa, na mawe ya nyuma hayaonekani tena. Mashine ya povu ikaanza kukohoa, povu likafurika na kumwagikia zulia. Mkwe akatoka mbio chumba cha cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaichomoa mashine kwenye umeme na kupiga magoti kufuta.

Mzee akaitazama ile waya sakafuni. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza hewa majini.

Haikupita muda samaki wakaanza kupanda, yule wa njano kwanza, kisha wengine, wote wamejipanga juu kabisa, midomo ikifunguka na kufumba. Maharusi walikuwa pembeni, bega kwa bega.

Mzee akapuliza. Alijaza mashavu, akapuliza kuelekea kwenye tangi, akaonyesha kwa mkono wa kushoto.

"Joto, baba?" Mkwe akaleta feni, akamwelekezea usoni.

Akaipiga ile feni kwa kiganja, akaonyesha tena.

"Ndiyo, nawaona. Wamepanda juu kukuamkia."

Hapo mzee akaona njia imebaki moja, ya kuwaiga. Akafungua mdomo wazi, akaufumba, akafungua, akivuta pumzi kwa shida ya makusudi, kidole kikitoka mdomoni kwake kwenda tangini, kikirudi mdomoni. Alifanya vizuri mno. Mkwe akabadilika rangi.

"Baba hapumui," alimwambia mumewe kwenye simu. "Njoo hospitali, mimi namleta na teksi."

Dereva na jirani wakambeba. Mlangoni mzee aling'ang'ania fremu kwa mkono wake mmoja. Mkwe akamfungua kidole kimoja kimoja, huku akimwambia kwa upole asiogope, wanakwenda kumsaidia. Garini alikaa ameipa nyumba mgongo, na shingo yake haikuweza kugeuka kiasi cha kuiona.

Hospitalini wakamvisha barakoa ya hewa. Hewa ikamjia puani, baridi, nyingi, bila kipimo, na yeye machozi yakamtiririka chini ya ile plastiki. Mwana akafika anahema, akamshika mkono. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akakunja kifaa chake.

"Mapafu yake hayana tatizo lolote. Huenda kuna kitu kilimshtua. Alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa anatazama samaki wake tu," alisema mkwe.

Waliporudi jua limeanza kuinama, harufu iliwapokea mlangoni. Mwana akampigia simu muuzaji wa samaki, sauti ikisikika chumba kizima.

"Siki kiasi gani?" aliuliza muuzaji.

"Chupa. Kwa siku mbili."

"Na mashine ya povu inafanya kazi?"

"Niliizima," alisema mkwe. "Ilikuwa inafurika."

"Basi bakteria wamemaliza hewa yote. Washeni mashine, mchote maji mmwage kutoka juu yachanganyike na hewa. Siwaahidi kitu."

Mwana akavua viatu, akapanda kwenye stuli, akachota kwa jagi na kumwaga, akachota na kumwaga, mpaka shati likamganda mgongoni. Alikuwa anafanya sawasawa. Mzee alimtazama akifanya kile kile ambacho tangu adhuhuri alikuwa akikililia. Yule wa njano alikwisha kulala ubavu. Nyama ya matumbawe ilikuwa ikibanduka kama karatasi iliyolowa. Mmoja wa Maharusi bado alichezesha shavu, mara mbili tatu, kisha naye akaachia.

Mwana akateremka. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Ulikuwa unaniambia," alisema. "Tangu jana ulikuwa unaniambia. Baba, umenikasirikia?"

Hapana, mwanangu, alitaka kusema mzee. Wewe ulitaka kunifurahisha. Hapana.

"Sawa," alisema.

Mwana akainamisha kichwa, akaondoka na kwenda kusimama jikoni gizani.

Asubuhi mkwe akamtoa mzee nje kwenye baraza ili asione. Lakini kusikia alisikia: ndoo, mpira ukifyonza maji, mawe yakigongana ndani ya gunia, maji yakipita kwenye mtaro chini ya miguu yake, meupe bado. Kazi ilichukua muda. Mwishowe mwana akatoka, suruali imelowa mpaka magotini, akakaa kwenye ngazi karibu na kiti.

Mzee akaunyoosha mkono wake mzima, akauweka kwenye shingo ya mwanawe, akaukandamiza.

"Umechoka kukaa?" aliuliza mwana. Akainuka, akampitishia mikono makwapani, akamwinua kwa uangalifu. Mzee akajiachia, akabebwa kuingizwa ndani.