Viti Vilivyogeuzwa Pickett

Pickett ni mji wa Mississippi ambao ukipiga chafya umeshaupita, lakini tamasha lake la muziki wa bluzi hujaza watu mpaka kwenye mashamba ya pamba. Lilianza na mashindano ya gitaa ya marafiki wawili juu ya tela. Vidole vya Cleotha Banks vilipoteleza, Ozell Pettway alisimama, akageuza kiti chake, akampa mgongo. Umati ukacheka, nao ukageuza viti vyake. "Malizia wimbo," Ozell akamwambia. Cleotha akaumalizia, na hakushika gitaa tena hadi alipozikwa.

Mchezo ukanoga, ukawa desturi. Anayeshindwa hugeuziwa viti, na lazima amalize wimbo. Wageni hutoka hata Norwei wakidai wamefuata muziki. Uongo mtupu. Wamefuata kuona mtu akinyolewa bila maji.

Miaka thelathini na mmoja Ozell hakuwahi kugeuziwa. Sasa ana sabini na tisa, vidole vimekakamaa, na alitaka jambo moja tu: ashinde leo, astaafu akiwatazama watu usoni.

Mpinzani wake akapanda jukwaani: Verlene, binti wa Cleotha.

"Mjomba Ozell, vidole havijambo?"

"Vinakumbuka kazi. Vya baba yako je?"

Watu wakaguna kwa raha, midomo ikimeta mafuta ya kambare.

"Vimepumzika," Verlene akasema. "Anza wewe, mjomba. Wakubwa kwanza."

Ozell alianza vizuri, kidole gumba kikitembea kama zamani. Kisha kile kipande cha shingo ya chupa anachovaa kidoleni kutelezeshea nyuzi kikachomoka, kikabingirika hadi miguuni pa Verlene. Akakiokota. Akapiga magoti, akamvisha polepole, kama mtu anayemvisha mtoto kiatu.

"Hapo sawa, babu?"

Sasa alikuwa babu. Kicheko kikaanza nyuma, kwa wauza bia, kikaja mbele. Verlene akaketi, akaudaka wimbo uleule wa Ozell pale ulipokatikia, akaupiga hadi hata Ozell mwenyewe akatamani ungekuwa wake.

Kinyozi wa Ozell akageuza kiti. Mchungaji akafuata. Kisha ikawa kama mvua juu ya mabati, viti vikikwaruza chini. Akabaki Earline, mkewe kwa miaka hamsini, mstari wa mbele.

"Earline," Ozell akanong'ona, "wewe usigeuke."

"Siku ile ya Cleotha uliniangalia mpaka nikageuza changu," Earline akasema, wala hakupaza sauti. "Alikuwa amekula kwangu asubuhi."

Akasimama, akakigeuza, akaketi tena, akitengeneza sketi yake.

Ozell akatazama migongo mia tano. Uso uliobaki ulikuwa mmoja, wa Verlene, aliyesogeza kiti chake karibu zaidi.

"Mimi sigeuki," akasema. "Malizia wimbo."