Vivuli vya Jumatano

Jumatano ile Mwanatatu aliiacha kofia ya viua aliyokuwa akiidarizi, akajitanda buibui lake, akamsindikiza binti yake Jalila kwenye ofisi ya vitambulisho ya Likoni. Walitoka Mtongwe mapema wapate nafasi kwenye benchi. Mwarobaini uliokuwa uwanjani ulikatwa mwaka uliopita ili afisa apate pa kuegesha gari lake, na tangu hapo waliokuja ofisini walingoja juani, juu ya saruji.

Mabenchi yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la watu ambao majina yao hayakuzua maswali. Hao waliitwa, wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, wakaenda zao. La pili lilikuwa la kamati ya msasa, iliyochunguza kama mtu ni raia kweli, na hapo waliketi kina Abdulghani na kina Sharif, wake kwa waume, pamoja na wazee wao waliokuja kuapa kwamba watoto hawa wamezaliwa papa hapa. Hapakuwa na kibao kinachosema nani akae wapi. Mtu alitaja jina lake mlangoni, na askari akamwonyesha kwa kidevu.

Jalila alikuwa amekuja mara ya kwanza pamoja na Gershom, mtoto wa jirani yao Florence. Walipokewa na mkunga mmoja, wakasoma darasa moja. Gershom alikaa benchi la kwanza, na kabla ya mvua za vuli kitambulisho chake kikatoka, akaajiriwa hotelini Shanzu. Jalila alikuwa amekubaliwa chuo cha uuguzi, na chuo kilimwambia pasipo kitambulisho asifike. Alikuwa bado kwenye benchi la pili.

Adhuhuri ilipopita, vivuli vikaingia uwanjani. Vilipitia getini, kimoja kimoja, kama watu wenye adabu, ila wenyewe hawakuwapo. Vikajipanga mbele ya ofisi, virefu, ingawa jua lilikuwa la utosi. Vingine viliinua mikono. Vingine vilibeba mabango, lakini kivuli hakibebi maandishi, kwa hiyo haikujulikana mabango yalikuwa yakidai nini.

Karisa, askari wa mlangoni, aliviambia vipange foleni. Alipoona haviitiki, akarudi kwenye stuli yake.

Bibi mmoja wa benchi la pili alinyoosha mguu wake uliovimba hadi ndani ya kivuli cha karibu. Akauacha humo. "Pana baridi hapa," akasema, na wenziwe wakavuta benchi. Ulikuwa ubaridi wenye unyevunyevu, usio wa pwani.

Mwanatatu alikuwa akikitazama kivuli cha tatu. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Aliyekuwa na bega hilo alianguka kutoka kwenye mpera akiwa mdogo, na Mwanatatu ndiye aliyemfunga kitambaa.

"Jalila."

"Abee, mama."

"Yule dada yako."

Jalila akatazama, akaitika kwa kichwa. Wakahamia kwenye kivuli cha Nadira wakakaa hapo mpaka ofisi ilipofungwa bila Jalila kuitwa.

Jioni Nadira alipiga simu kutoka London, alikokuwa akitunza wazee katika nyumba ya wasiojiweza. Mwanatatu hakumngoja amalize salamu.

"Leo ulikuwa wapi?"

"Nje ya ubalozi wetu, mama. Tuko wengi. Tumekubaliana kwenda kila Jumatano, mpaka waache kuwapiga watu msasa kwa sababu ya majina na dini zao."

"Kivuli chako kilikuwa Likoni."

"Kumbe ndiko kilikokwenda. Tulidhani ni mawingu."

"Kirudishe."

"Mama, mimi kitambulisho nilikingoja miaka minne. Unakumbuka waliniuliza nini? Waliniambia nisome Fatiha, halafu nisome tena kwa Kiswahili, ili wajue mimi si mgeni. Gershom wamemsomesha nini?"

"Wewe unapiga kelele huko, sisi ndio tutakaopigwa huku. Hilo umelifikiri?"

"Nimelifikiri."

"Ukaona si kitu."

"Sikusema si kitu." Kisha Nadira akasema zamu yake imefika, akakata simu. Mwanatatu aliisukuma simu chini ya mto kana kwamba imemtukana.

Jumatano iliyofuata vivuli vilikuja vingi zaidi. Benchi la kwanza nalo likavutwa kivulini, na hapo ukazuka ugomvi. Kijana mmoja wa benchi la pili aliwaambia wenzake wa benchi la kwanza kwamba wao hawakai uwanjani hata saa nzima, basi waache kivuli kwa wanaokaa mwaka. Akajibiwa kwamba kama vivuli ni vya kwao, na wavichukue waende navyo kwao. Aliuliza kwao ni wapi. Akapigwa ngumi ya mdomo. Damu yake ilidondoka juu ya kivuli cha mtu aliyeinua mkono.

Habari zilifika Mtongwe kabla ya Mwanatatu. Alimkuta Florence amesimama mlangoni pake, bila hodi wala salamu.

"Mama Nadira, mwanao anasema nini huko Ulaya? Anasema sisi Wakristo tumewanyima kitu?"

"Hajasema hivyo."

"Gershom amenionyesha kwenye simu. Wamesimama barabarani na mabango. Kwani mimi nilimpa mwanangu jina la Gershom ili Jalila akose kitambulisho?"

"Hukumpa kwa ajili hiyo, Mama Gershom. Lakini limemfaa."

Florence alimtazama. Wanawake hawa wawili walikuwa wameleana watoto, wakapeana sahani za Idi na za Krismasi juu ya ua wa makuti. "Nyinyi mna ndugu zenu Arabuni," Florence akasema polepole. "Sisi tukifukuzwa hapa hatuna pa kwenda."

"Ndugu gani? Babu yake Jalila, Mzee Sharif, amezikwa nyuma ya msikiti ule pale. Ulikuja matangani. Ulilia."

"Nilikuja," Florence akasema, akaondoka. Wiki ile ua ule uliongezwa makuti ukawa mrefu, kwa upande wa Florence.

Afisa wa ofisi, Bwana Mwarandu, alijaribu kuviondoa vivuli kwa njia alizozijua. Aliamuru uwanja umwagiwe maji, ukakauka, vivuli vikiwa palepale. Akaamuru upakwe chokaa, na juu ya weupe vikaonekana vizuri zaidi. Karisa alitumwa na rungu, akavipiga mpaka rungu likapasuka kwenye saruji, akaja kuomba jingine. Ndipo mtu wa benchi la kwanza alipokwenda dirishani kusema kwamba mwenye kivuli cha bega la chini anajulikana, na mama yake ni yule pale.

Mwanatatu aliitwa ndani. Bwana Mwarandu hakuwa mtu wa kufoka.

"Mama, yule ni binti yako?"

"Ni kivuli chake."

"Na huyu anayengoja msasa ni nduguye?"

"Ndiyo."

"Basi nikwambie ukweli. Kamati haiwezi kufanya kazi watu wakitusimamia. Ongea na huyo mkubwa aondoke. Akiondoka, leo hii huyu mdogo ataitwa."

Mwanatatu alitoka uwanjani. Watu wa benchi la pili walikuwa wamesikia kupitia dirishani, nao walimtazama. Alipiga simu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wengi na honi za magari.

"Nadira, toka hapo."

"Mama?"

"Wamesema ukitoka, mwenzio ataitwa leo. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Mimi sikuombi, nakuamrisha. Toka hapo, wallahi, au usiniite mama tena."

Kelele za watu ziliendelea. Kisha Nadira akasema, "Haya," kwa sauti ambayo Mwanatatu hakuwa ameisikia tangu binti huyo akiwa mtoto.

Kivuli cha tatu kiliteremsha bango. Kiligeuka, kikapita katikati ya wenzake, kikatoka getini. Pale kilipokuwa palibaki mwanya, na jua likaingia kwenye mwanya huo likamwangukia yule bibi wa mguu uliovimba. Aliurudisha mguu wake chini ya benchi.

Bwana Mwarandu alitimiza ahadi yake. Jalila aliitwa. Alikaa mbele ya kamati, akaulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake, akasema babu alizaliwa kabla ya vyeti kufika Mtongwe. Wakamwambia akakilete. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Walipofika nyumbani Mwanatatu alimpigia Nadira. "Rudi mahali pako," akasema. Hakuomba radhi, na Nadira hakumdai. Jumatatu chuo kikafunguliwa na kitanda cha Jalila akapewa mwingine.

Jumatano waliyorudi ofisini lilikuwa jua la kuunguza masikio. Vivuli vilikuwa vimekwisha kufika, na cha bega la chini kimo. Chini yake, kwenye ubaridi, palikuwa na meza ya kamati. Bwana Mwarandu alikuwa ameamuru itolewe nje, kwa kuwa ndani feni ilikuwa imeharibika. Wanakamati walikuwa wamevua makoti na kuyatundika migongoni mwa viti. Mmoja alikuwa akisinzia. Benchi la pili lilikuwa limerudishwa juani ili kuipisha meza.

Jalila aliitwa, akaenda akasimama.

Bwana Mwarandu alijigusa shingo, akatazama juu, akatazama chini. "Mama," akamwita Mwanatatu, "mpigie binti yako. Mwambie asogee kushoto kidogo. Jua linanipiga hapa."

Mwanatatu alipiga. Nadira alipokea kwa sauti iliyokauka kwa kupiga mayowe. "Amepewa?"

"Bado. Afisa anasema usogee kushoto kidogo."

Simu ilileta kelele za watu, na upepo. Kivuli hakikusogea.

Bwana Mwarandu alingoja kidogo. Kisha akainuka, akakivuta kiti chake mwenyewe mpaka ndani ya kivuli, akaketi vizuri. Akamwita Jalila upya kwa majina yake yote matatu, akamwuliza babu yake alizaliwa wapi.

"Mtongwe," Jalila akasema.

"Nani alimwona akizaliwa?"