Tumbawe la Irmgard

"Toka," Ewald aliliambia jiwe, kisha akasugua tena.

Alikuwa amepiga magoti kando ya bafu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, na bomba la kuogea likimwaga maji ya moto. Mawe kumi na moja yalikuwa yamepangwa ndani ya bafu. Tisa yalikwisha kuwa meupe. Mawili yalikuwa bado yamevaa utando wa kahawia, laini, unaoteleza, ambao ukiusugua huku unauona umehamia kule, na maji yaliyokimbilia kwenye tundu yalikuwa na rangi ya chai. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Kesho yake dada yake angeleta tumbawe.

Hakuna aliyemtuma kuyasugua mawe yale. Tena alikuwa amekatazwa. Lakini Ewald alikuwa msimamizi wa bwawa la kuogelea la manispaa pale Herne kwa miaka thelathini na mmoja, na kila asubuhi ya miaka hiyo alisimama ukingoni, upande wenye kina, akatazama chini. Kama hakuziona vizuri alama nyeusi za sakafuni, alipiga filimbi na hakuna mtu aliyeingia, hata angekuwa meya. Maji usiyoyaona mwisho wake yanaweza kuwa na mtu ndani. Katika miaka thelathini na mmoja hakuzama mtu hata mmoja, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake alilojivunia waziwazi, mpaka wenzake wakachoka kulisikia.

Sasa alikuwa mstaafu, na sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo la lita mia mbili, la maji ya chumvi, ambalo halikueleweka.

Tangi lilikuja kwa sababu ya dada yake, Irmgard. Alikuwa na miaka sabini na sita, miguu imemgomea, na makao ya wazee yalikuwa yamempa chumba kuanzia Jumatatu. Makao yale yaliruhusu maua na ndege mmoja mdogo. Matumbawe hayakuruhusiwa. Na Irmgard alikuwa nalo moja, la aina laini kama nyama, pana kama sahani ya kulia, lenye umbo la uyoga na rangi ya haradali, ambalo alilipata likiwa dogo kama kidole gumba na akalilea miaka ishirini na sita. Hakuwa na mume wala mtoto. Likifa lile, hakuna kitu kingine duniani ambacho mtu angesema: hiki alikikuza Irmgard.

Chama chao cha watu wa matangi ya bahari kina desturi yake: tumbawe halikai nyumba moja. Ukilikuza unakata kipande, unampa mwenzako bure, ili siku lako likifa uende kwake ukaombe kipande cha kitu chako mwenyewe. Wote hufanya hivyo. Irmgard peke yake alikuwa mkono wa birika. Miaka yote alikataa kulikata, akisema litasikia uchungu, na mwenyekiti, Jupp Sobottka, alimwomba kipande mpaka nywele zikamwisha.

"Nikimpa Jupp, atalikatakata kabla sijafika kwenye kona," alimwambia Ewald mwezi Januari. "Lichukue wewe, likiwa zima."

Ewald akasema ndiyo. Ilimchukua sekunde moja kusema hivyo, na wiki nane kujuta.

Kwanza alihudhuria mikutano ya chama na daftari lake. Jupp alimwambia atie kamba mmoja mbichi ndani ya tangi tupu, amwache aoze, maana uozo ndio chakula cha vijidudu, na vijidudu ndio wanaoyafanya maji yawe maji. Ewald alidhani anataniwa. Mzee mwenye ndevu akasema kamba ni ujinga, asubiri tu. Mama mmoja akasema taa iwake saa kumi kwa siku, na jirani yake akasema taa izimwe kabisa mwezi mzima. Kila mmoja alikuwa na tangi la kupendeza nyumbani kwake, na hapakuwa na wawili waliokubaliana. Ewald aliandika yote, na usomaji wa daftari lile ulimzungusha kichwa kuliko bia.

Alimtia kamba. Siku ya pili sebule ilinuka, akamtoa. Siku ya tatu akamrudisha, kwa aibu.

Vipimo ndivyo vilivyomchanganya zaidi. Bwawani, tone la dawa ya kupimia lilikuwa tone: maji yakigeuka waridi, klorini ipo, ingieni. Hapa sumu ilipanda, akaogopa, wakamwambia vizuri. Ikashuka, ikapanda sumu nyingine, wakamwambia vizuri pia. Halafu, vipimo vilipokuwa vimetulia na yeye ameanza kulala, mawe yakaota ule utando wa kahawia. Ukaenea mchangani, ukapanda kwenye kioo. Akampigia dada yake.

"Kahawia?" alisema Irmgard. "Vizuri. Ndivyo inavyokwenda. Usiguse kitu."

Vizuri! Ewald alikata simu akijua kabisa kwamba dada yake anambembeleza. Hakuna mtu mwenye akili anayetazama uchafu ule akasema vizuri.

Basi Ijumaa ile alisugua jiwe la kumi na la kumi na moja. Akatoa mchanga, akauosha ndoo kwa ndoo mpaka maji yakatoka kama ya kunywa. Akamwaga maji yote ya zamani, akachanganya mapya kwa chumvi ya mfuko, gramu thelathini na tano kwa kila lita. Jumamosi asubuhi alipima: sifuri, sifuri, sifuri. Aliketi mbele ya tangi na kahawa yake. Kila punje ya mchanga ilionekana, mpaka nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alikuwa na furaha.

Walifika saa tano. Jupp alitangulia, jitu la kifua kipana, akibeba ndoo yenye kifuniko kana kwamba ina mayai. Irmgard alifuata na kigari chake cha kutembelea, anahema, akaketi kwenye kiti alichowekewa mbele ya kioo. Akatazama.

"Mbona linang'aa hivi?" aliuliza.

"Nimelisafisha," alisema Ewald. "Tazama, hata chembe."

Jupp aliiweka ndoo chini polepole. "Umesafisha nini, Ewald?"

"Kila kitu. Mawe, mchanga. Maji nimeweka mapya."

"Mama yangu wee!" Jupp akaangua kicheko, lakini alipouona uso wa Irmgard kicheko kikamkauka mdomoni.

Irmgard hakupaza sauti. "Ule utando ulikuwa unakwenda zake, Ewald. Wiki mbili tu, konokono wa kutia humu wangeumaliza. Nilikwambia usiguse."

"Uliniambia ni vizuri. Nikadhani unanibembeleza."

"Lini mimi nimewahi kukubembeleza?"

Ewald alifikiri. Alirudi nyuma miaka sitini, hakuona siku hata moja.

"Lakini vipimo, dada! Vyote sifuri!"

"Hata kaburini ni sifuri," alisema Irmgard. "Vijidudu wote umewaosha, maji haya hayana mtu. Tumbawe langu likianza kuchafua humu, nani atalisafishia?"

"Mimi," alisema Ewald.

Hakuna aliyecheka. Alisimama katikati ya zulia, mikono inaning'inia, akitazama maji yaliyokuwa safi kuliko maji yoyote aliyowahi kuyaandaa, na watu wawili walioyatazama kama watu waliofika msibani. Alitamani mtu amweleze. Aliona aibu kuuliza.

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Tangi la Irmgard lilikuwa limemwagwa alfajiri, na kijana wa chuo kutoka Bochum aliyelinunua alikwisha kulipakia kwenye gari.

"Nipe mimi," alisema Jupp. "Sasa hivi. Tangi langu lina miaka kumi na minne, lina kila mdudu unayemtaka." Akaisogelea ndoo. "Sitalikata."

"Utalikata."

"Nitalikata," alikiri Jupp.

Irmgard alikaa na mkono juu ya kifuniko cha ndoo. Kisha akauliza bila kumtazama mtu:

"Ewald, una kisu kikali?"

Walilitoa ndooni, wakaliweka kwenye meza ya jikoni, juu ya ubao wa kukatia mkate. Nje ya maji lilikuwa limejikunja, zito, linatoa ute, na harufu yake ilikuwa ya matope ya pwani maji yakipwa. Irmgard alishika kisu. Akakisogeza karibu na tumbawe, akakirudisha; akajaribu tena, akakirudisha tena. Jupp alinyoosha mkono haraka mno.

"Si wewe," alisema Irmgard, akampa Ewald. "Aliyeharibu ndiye atakayekata."

"Dada, sijui pa kukata."

"Hata mimi sijui. Sijawahi."

Ewald akakata. Lilikuwa na ukinzani wa ngozi mbichi, na alihisi waziwazi, kupitia mpini, jinsi lilivyojikaza. Irmgard alifumba macho. Sehemu kubwa ikarudi ndooni, ya Jupp. Kipande kilichobaki, cha ukubwa wa kiganja, Irmgard alikifunga kwa mpira kwenye jiwe alilokuwa amekuja nalo kutoka tangi lake, jiwe lenye kila takataka: ukungu, minyoo myembamba inayochungulia kwenye vitundu, na kitu cha zambarau ambacho Ewald hakutaka kujua ni nini.

"Liweke hivyo hivyo. Na ile ndoo ya pili tuliyoiacha mlangoni, ni maji yangu ya zamani, yamimine yote."

Maji yale yalikuwa ya njano. Ewald aliinua ndoo mpaka ukingo wa kioo akasita pale, mishipa ya shingo imemtoka.

"Yote?"

"Yote."

Akamimina. Wingu la takataka liliinuka, likatanda, likayameza mawe meupe moja baada ya jingine. Moyo wake ulikwenda mbio kama anayemwona mtu akizama.

Jupp alijiondokea bila mzaha, ndoo kifuani. Irmgard alibaki kidogo, anajifunga skafu.

"Nimekasirika, Ewald," alisema. "Nimekasirika sana. Na kuanzia Jumatatu sitakuwepo karibu nikukasirikie vizuri."

Hakujua hilo ni msamaha au siyo. Alimshika mkono mpaka kwenye teksi.

Maji yalitulia siku ya pili. Kipande hakikutulia. Kilinywea kikawa kama ngumi ya mtoto, kikafunga vitundu vyake vyote, ambamo tumbawe zima hutoa vinyuzi vyake, na siku ya nne kikafunikwa na ngozi ngeni, inayong'aa kama nta. Mzee mwenye ndevu, kwa simu, alisema kinajibambua ngozi, ni dalili njema. Mama wa taa saa kumi alisema kinaoza, akitoe kabla hakijaua kila kitu. Jupp alisema kipande chake kikubwa kilifunguka siku ya tatu, akaona haya kulisema, akabadilisha mazungumzo. Ewald aliingiza pua tangini akanusa. Palinuka bahari, au uozo. Hakuweza kutofautisha, na hilo lilimtia hofu kuliko harufu yenyewe.

Siku ya sita utando wa kahawia ukarudi. Aliutazama ukianza kwenye pembe ya jiwe moja, mwembamba kama vumbi. Mikono ilimwasha. Alikwenda kutembea mpaka mfereji na kurudi, akaketi juu ya mikono yake.

Kila siku saa kumi, saa ya kahawa na keki huko makaoni, Irmgard alipiga simu. Hakusalimia.

"Limefunguka?"

"Bado."

"Haya." Akakata.

Siku ya tisa hakukata mara moja. Ewald alisikia vijiko, na mtu akikohoa kwa mbali. "Huku kuna kasuku," alisema Irmgard. "Anaitwa Hansi. Hasemi kitu." Kisha akakata.

Siku ya kumi simu ililia kukiwa na dakika tano kabla ya saa kumi.

"Limefunguka?"

Ewald alikuwa amesimama mbele ya kioo tangu mchana. Ile ngozi ya nta ilikuwa imechanika upande mmoja, na ncha yake ilipeperuka majini.

"Sijui," alisema.

"Sijui maana yake nini?"

"Kuna kitu. Chembamba, kama uzi. Labda kinaota. Labda ni ngozi inayoning'inia."

"Kinatikisika?"

"Kinatikisika."

"Chenyewe, au pampu inakitikisa?"

"Dada, nitajuaje?"

"Zima pampu."

Alizima. Mngurumo uliokuwa umekaa ndani ya nyumba kwa wiki kumi ulikatika, na ukimya ulikuwa mkubwa hata akasikia pumzi ya dada yake kwenye simu, na kijiko kikiwekwa juu ya kisahani. Maji yalizunguka kidogo, yakapunguza mwendo. Ile ngozi iliyochanika ikashuka, ikalala juu ya jiwe; ule uzi bado haukulala.

"Ewald? Unaona nini? Niambie."

Alisogeza uso karibu na kioo, akazuia pumzi ili kisipate ukungu.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, dada. Usikate."