Baridi ya Mgongoni

Vivianne Nasambu hakuwahi kuwa mtu wa kutulia, lakini mwezi huo wa tano alizidi. Alianza kushona sketi ya shule, akaiacha nusu, akasimama mlangoni mwa kibanda chake pale Busia mjini, akatazama barabara ya mpakani, kisha akarudi kuketi na kusahau alikuwa anashona upande gani. Wateja walilalamika. Aliwaambia cherehani ina kasoro. Cherehani haikuwa na lolote. Mwenye shida alikuwa mama yake.

Mama Roselida, mjane aliyeishi Matayos, mwenye miguu migumu na kichwa kigumu kuliko miguu, alikuwa ametangaza kwamba anakwenda Namugongo tena. Kila mwaka mahujaji Wakatoliki huvuka hapo Busia wakiimba na kutembea siku baada ya siku ndani ya Uganda hadi kwenye sikukuu ya Mashahidi, na usiku hulala wanapopokelewa: sakafu ya darasa, kibaraza cha kanisa, popote. Mwaka uliotangulia sakafu ya simenti ilimrudisha mama kutoka Iganga akiwa na nimonia. Daktari alimwonya kwamba mapafu yake hayatavumilia baridi ya namna ile mara ya pili. Mama alimshukuru sana daktari, akatoka hapo akanunua raba mpya za safari.

"Mama, Mungu anaelewa," Vivianne alimwambia.

"Anaelewa, ndio. Na mimi naelewa nilimwambia nini."

Alichomwambia Mungu kilimhusu Vivianne mwenyewe. Vivianne alipopasuliwa tumbo na kuonekana kama hataamka, mama aliweka nadhiri: binti akipona, yeye atatembea kwa miguu mpaka afike Namugongo. Binti akapona. Mama hakufika. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Kila neno Vivianne alilotaka kulitumia kumzuia lilimrudia mwenyewe, maana pumzi ya kulisema ndiyo hiyo hiyo iliyoombewa.

Basi alipopeleka ovaroli za madereva kule Malaba, akili yake ilikuwa kila mahali isipokuwa kwenye ovaroli. Foleni ya malori ilikuwa imelala kando ya barabara kama kawaida. Chini ya trela moja alimwona Ilukor, dereva aliyemfahamu miaka mingi, amejilaza ndani ya kitambaa kilichofungwa kamba huku na huku, anabembea taratibu na redio kifuani.

"Ilukor, siku hizi unalala kama popo?"

"Popo analala kichwa chini, fundi. Mimi niko fiti kabisa. Mvua ikinyesha maji yanapita hapa chini, mimi niko juu nasikiza news."

Vivianne aliinama, akachungulia fundo, akashika kitambaa, akauliza maswali mpaka Ilukor akazima redio, akamweleza kwamba humo mtu hulala mshazari. Alirudi Busia na nailoni nyepesi na kamba ya manila. Hatimaye wasiwasi wake ulikuwa umepata kazi ya mikono.

Kitanda cha kwanza cha kuning'inia alikiharibu kwa ufundi wake mwenyewe. Alimpima mama mabega na nyonga kama anayeshonewa gauni la harusi, akakata kitambaa kimkae sawasawa. Kilimkaa, kweli. Mama alipoingia, kilimbana pande zote, miguu juu, kichwa juu, mgongo umepinda.

"Vivi, nitoe! Hii si ndiyo ile ya kubebea maiti?"

Akashona kingine, kipana mno kwa macho ya fundi wa nguo, na hapo ndipo alipomwelewa Ilukor alivyosema lala mshazari. Mama alilala kichwa pembe hii na miguu pembe ile, na mgongo ukanyooka vizuri. Hakusifu. Alishuka, akafungua mafundo yote ya Vivianne na kuyafunga upya, maana alikuwa binti wa wavuvi wa Sio Port na fundo la mtu mwingine hakuliamini.

Ikabaki baridi. Alfajiri moja Vivianne alikijaribu mwenyewe kati ya mikaratusi miwili nyumbani kwa mama. Alijifunika blanketi moja, akatandika la pili chini yake, na bado mgongo ukamgandia huku kifua kikitoka jasho. Aliingiza mkono chini. Blanketi la chini lilikuwa limekandamizwa na uzito wake hadi likawa jembamba kama chapati, halina joto la kumpa mtu, na upepo ulikuwa unapita nje ya nailoni kama unaopita sebuleni kwake. Ukitaka joto chini ya mgongo, blanketi lining'inize nje, chini ya kitanda, mahali ambapo hakuna wa kulilalia.

Lakini mama angebeba mzigo wake mwenyewe siku zote hizo, na blanketi ni zito. Vivianne alizunguka mitumba yote ya Busia hadi akapata jaketi mbili zile za kuvimba, laini, nyepesi kama hazipo.

"Nyabo, na joto hili la Busia utazivaa wapi?" akacheka muuzaji, mama mmoja Mganda kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Nitazivalisha kitanda," Vivianne akajibu, na mama yule akaacha kucheka, akamtazama kwa huruma.

Alizifumua jaketi, akazishona ziwe kilalio kimoja kirefu, akatia lastiki pembeni ili kishike chini ya kitanda bila kubanwa. Kilikuwa kitu kizuri. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, na siku alipokikunja na kukiweka mkobani alikichukia.

Kwa sababu walikuwa wamepatana, yeye na mama, na masharti aliyaweka Vivianne mwenyewe. Mama angelala mle alasiri moja ya mvua. Akikohoa, anabaki nyumbani. Asipokohoa, Vivianne amwachie njia wala asiseme neno tena. Na sasa Vivianne alijua kabisa kwamba kilalio kile kikifungwa, mama hatakohoa.

Alasiri ya jaribio ilikuja na mawingu meusi. Vivianne alifunga kitanda, akafunga turubai juu yake, akamfunika mama shuka na blanketi. Kilalio cha jaketi akakiacha mkobani.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

Mvua ikaanguka, na upepo ukaja nayo. Vivianne aliketi kwenye kigoda chini ya turubai. Akasimama. Akaenda jikoni, akasahau alichofuata, akarudi. Mama alikuwa kimya, shuka limemfika puani, macho yamefumbwa. Kohoa, basi, Vivianne akasema moyoni. Kohoa mara moja tu tuingie ndani tunywe chai. Kisha akasikia anachokisema. Alikuwa ameketi pale, mtu mzima, anamwombea mama yake kikohozi.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alipeleka mkono chini ya kitanda, akagusa nailoni pale mgongo wa mama ulipolalia, akakuta baridi kama mtungi wa maji. Alivuta kilalio mkobani, akakiingiza chini, akaanza kuhangaika na lastiki. Alipoinuka kufunga upande wa kichwa, uso wake ukawa karibu na wa mama, na hapo akaona.

Mama alikuwa ameuma shuka. Amelisokomeza kinywani, mashavu yamejaa, machozi yanamtoka, na kifua kinaruka chini ya blanketi bila sauti.

"Mama! Toa hiyo kitu!"

Mama akalitoa, na kikohozi kikatoka chote kwa pamoja, kirefu, cha kuvunja mbavu. Vivianne alimshika mabega hadi kikaisha.

"Ulijua kilalio hakipo?" akauliza.

"Nani atalala juu ya upepo asijue? Nilijua tu nikiingia."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema, tungegombana. Nikaona niume tu mpaka mvua iishe. Njiani pia ningeuma."

Vivianne akapiga hesabu. Mama angeshinda jaribio. Angeshuka, angekunja kitanda kisicho na kilalio, na angekwenda nacho hivyo hivyo, usiku baada ya usiku, ameuma shuka, na binti yake angekuwa ndiye aliyempeleka. Alilia bila kujificha. Mama alimwacha alie, akamshika mkono wenye lastiki.

"Sasa nimekohoa," mama alisema. "Tulikubaliana. Nabaki?"

Angeweza kusema ndiyo. Mama hakuwa mtu wa kuvunja maneno. Vivianne alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akavuta lastiki ya mwisho, akaifunga kwa fundo la Sio Port, lile lile alilolitazama mama akilifunga.

"Lala, Mama," akasema. "Nataka kuona kama hii itashika mpaka Namugongo."

Akaketi kwenye kigoda, mkono mmoja chini ya kilalio, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuinuka. Joto lilianza kurudi polepole. Kabla mvua haijaisha, mama alikuwa anakoroma.