Funda la Maji Stesheni ya Voi

Josephat alikuwa na suti moja nyeupe, na suti hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kwenda Mombasa. Mwaka mzima ilining'inia nyuma ya mlango wa nyumba yake katika kambi ya shamba la katani, nje kidogo ya Voi, imefunikwa shuka ili vumbi jekundu lisiifikie. Agosti ikifika, mkewe Tryphena aliifua, akaipiga pasi ya makaa, na Josephat akaivaa kuwaongoza wakata katani bora wa mwaka kwenda kuiona bahari kwa gharama ya kampuni.

Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi ya shamba. Kikosi kilichovishinda vingine kwa kukata kilipelekwa safari, na aliyeipanga safari tangu mwanzo mpaka mwisho alikuwa karani mkuu, yaani yeye. Na alijua kupanga, tusimnyime haki yake. Gari la moshi, vitanda kwenye nyumba ya wageni, pilau, soda, na siku ya mwisho picha ya pamoja: wakataji wamesimama, Josephat ameketi katikati, mguu juu ya mguu. Picha zote alizitundika ofisini. Ukiingia kuuliza habari ya posho yako, unaonyeshwa picha kwanza, posho baadaye.

Basi vita vya Korea vikaisha, bei ya katani ikaporomoka, na meneja, Bwana Donald, akamwita Josephat na kumwambia fungu la safari mwaka huu ni nusu.

"Kwa nusu hiyo hakuna safari, Bwana," Josephat alisema, kwa ile sauti ya fundi anayeombwa ajenge nyumba bila mawe. "Labda wape watu sukari."

Palikuwa na mtu wa tatu mle chumbani. Ndambuki, karani wa stoo, Mkamba kutoka upande wa Machakos, hata mwaka hajamaliza, alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake. Akakohoa.

"Samahani, Bwana. Inawezekana. Si lazima iwe Mombasa. Kuna Ziwa Chala, kule mbele ya Taveta."

Akaeleza hapo hapo, bila karatasi. Gari la moshi la Taveta nauli yake ndogo. Shule za misheni zitakuwa zimefungwa, walimu watawapa madarasa walale bure. Kuna lori la tajiri mmoja wa Taveta linalokwenda Chala kuchukua mahindi, na asubuhi huenda tupu, kwa hiyo dereva atawabeba kwa ahsante tu. Unga na maharage watatoka navyo stoo, ndizi Taveta ni za kumwaga. Na kwa kuwa pesa zitabaki, wanawake wanaoanika katani nao waende. Hawajawahi kupelekwa popote, na wao pia wanafanya kazi.

Bwana Donald akacheka kwa furaha. "Basi panga wewe, Ndambuki."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu mwenyeji hakupona, aliugua. Mchana ule Josephat alishindwa kula ugali. Hakuwa na njaa ya chakula, alikuwa na njaa ya kusikia kwamba Ndambuki ameanguka na baiskeli. Alijua fika kwamba mpango ule ni mzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ungekuwa mpango wa kijinga angelala usingizi.

Zikafuata wiki za mateso. Ndambuki huyu hapa, Ndambuki yule pale. Wakataji waliokuwa wakimwamkia Josephat kutoka mbali sasa walimpita mbio kwenda stoo kuuliza kama ziwani kuna mamba. Nyapara wao, Mwandawiro, mzee wa Chawia kule milima ya Taita, mwenye jino bovu na maneno makali, mtu ambaye hajawahi kumsifu mtu, alisikika akisema kijana yule ana kichwa. Josephat alijiona kama shati lililotolewa viraka.

Nyumbani ndiko kulikozidi. Tryphena alikuwa miongoni mwa wanawake wa kuanika, na jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya safari.

"Ndambuki anasema maji ya Chala ni ya buluu kama wino," alisema jioni moja akipepeta mchele.

"Ndambuki amefika lini Chala?"

"Amewauliza waliofika. Anasema yamo ndani kabisa ya mlima, unateremka kwa miguu kama unashuka shimoni. Amesema pia tubebe kitu cha kujifunika, kule Taveta alfajiri ina baridi. Wanaume wanaokumbuka baridi, Baba Mable, ni wachache."

"Mimi niliwapeleka watu kwenye bahari yenyewe. Hilo lake ni dimbwi."

Tryphena akaendelea kupepeta. "Nilisikia habari zake hiyo bahari," alisema.

Josephat hakulishika neno hilo. Aliyekuwa akilini mwake ni Ndambuki na sauti yake ya upole, na mke aliyemnukuu mwanamume mwingine mara tatu kabla mchele haujaisha. Akaitazama suti nyuma ya mlango. Agosti ilikuwa imefika na hakuna aliyeifua.

Siku chache kabla ya safari, Ndambuki mwenyewe alikuja ofisini kwake, kofia mkononi.

"Mzee," alisema, "wewe umewapeleka watu hawa miaka mingi. Mimi ni mgeni hapa. Kuna jambo nimelisahau?"

Jambo lilikuwapo. Watu wa milima ya Taita wanaamini kwamba kinyongo kilichofichwa moyoni kinaweza kumdhuru yule unayemkasirikia, hata kama hukunuia. Kwa hiyo kabla ya jambo kubwa, iwe harusi au safari, wanaohusika hupiga funda la maji ya miwa, au maji matupu yakikosekana, wakalipuliza nje na kutamka kwamba kinyongo wamekitupa. Huko kunaitwa kutasa. Kila mwaka, kabla gari la Mombasa halijaondoka, Mwandawiro alimvuta Josephat nyuma ya ghala la stesheni na kumpa kibuyu, na Josephat, ambaye ni mzee wa kanisa na hakutaka mchungaji asikie, alisema anakwenda kukagua mizigo. Alipuliza, akasema maneno, wakapanda. Wataita wa shamba lile, Wadawida kama wanavyojiita, Wakristo kwa wingi wao, wasingepanda vinginevyo. Mkamba angelijuaje hilo?

"Hakuna," alisema Josephat. "Umefikiria kila kitu."

Ndambuki akashukuru, akatoka. Na Josephat siku ile ugali ulimshuka vizuri.

Asubuhi ya safari aliondoka nyumbani mapema ili asimwone Tryphena akifunga kilemba. Hakwenda stesheni. Alikaa ofisini chini ya picha zake, dirisha wazi, akisikiliza. Kutoka pale king'ora cha gari la moshi husikika waziwazi. Saa ya kuondoka ikafika, ikapita, king'ora kimya. Akajua watu wako palepale stesheni, mizigo mikononi, hawapandi. Aliona raha. Niseme nini tena? Mzee wa kanisa mzima aliona raha, akajinyoosha kwenye kiti na kuuliza kimoyomoyo kichwa cha kijana kiko wapi leo.

Ndipo baiskeli ilipoangushwa nje na Ndambuki akaingia, shati limemganda mgongoni.

"Mzee, hawapandi. Mzee Mwandawiro anasema aliyewapeleka zamani hajaja kutema maji. Nimemwambia nitatema mimi. Anasema si langu."

"Mila zao hizo," Josephat alisema, kana kwamba yeye kwao ni Ulaya. "Mimi nina kazi hapa."

"Amesema pia nikwambie hivi." Ndambuki alitazama chini, kwa haya. "Kama huna kitu na mtu, uje useme huna. Kama unacho, watarudi kambini, na kila mtu atajua safari imevunjwa na nini."

Hapo mtego ukamnasa mtegaji. Josephat alikuwa amehesabu kwamba akikaa kimya lawama itakuwa ya Ndambuki. Kumbe ukimya wenyewe sasa ulikuwa unamsema. Akavaa koti. Aliamua atakwenda, atapuliza, atasema uongo wake mfupi na kurudi.

Baiskeli ilikuwa moja. Karani mkuu wa shamba akapanda keria nyuma ya karani wa stoo, magoti nje, akipita mbele ya maduka yote ya Voi. Wahindi waliokuwa wakifungua milango walisimama kumtazama. Ndambuki alipiga pedali kwa nguvu, na kila kwenye jiwe alisema, "Pole, mzee." Upole huo ndio uliomchoma Josephat kuliko jiwe.

Stesheni gari lilikuwa bado linafuka. Gadi, msimamizi wa gari ambaye hakutaka kuondoka na mabehewa matupu, alikuwa na bendera yake kwapani na uso wa mtu aliyekwisha kuchelewa. Safari hii hakuna aliyejificha nyuma ya ghala. Walisimama wote mbele ya behewa, wakataji upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Mwandawiro katikati na kibuyu cha maji, shavu limevimba.

"Umekuja," alisema. "Fanya upesi, jino linaniuma."

Josephat akapokea kibuyu, akapiga funda. Mdomo ukajaa. Akainua macho, na hapo akamwona Tryphena. Alikuwa amejifunga leso mpya ambayo yeye hakuinunua wala kujua imenunuliwa lini. Ndambuki, baiskeli ikiwa imelazwa chini, alikuwa amempokea mzigo wake wa masufuria ili apumzike, na Tryphena alimshukuru kwa tabasamu ambalo Josephat hakukumbuka kuliona tangu binti yao Mable alipozaliwa.

Funda likamshinda. Alijua kwamba kutasa kwa uongo ni kubaya kuliko kutotasa kabisa: hasira uliyosema umeitupa huwafuata waliopanda. Kanisani angelicheka jambo hilo. Lakini gari hili lingepita nyika ya Maktau, lingepita Salaita, na mkewe angekuwa ndani yake. Mdomo wake ulikuwa umejaa maji na moyo umejaa Ndambuki, na vyote viwili havikuweza kutoka pamoja. Akameza.

Watu wote walilisikia koo lake. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Mwandawiro hakushangaa wala hakukasirika. Alimjazia tena kibuyu kutoka kwenye ndoo.

"Basi unacho," alisema. "Kitaje kwanza."

Gadi akatazama saa yake. Josephat alitazama reli, akatazama viatu vyake, na mahali pa kukimbilia hapakuwapo.

"Nimemwonea wivu Ndambuki," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikaza. "Tangu siku ile ofisini. Mpango wake ni mzuri na ningetaka uwe wangu. Aliniuliza kama kuna alichosahau, nikamwambia hakuna, na nilijua mtasimama hapa. Nilifurahi. Hata kumpokea mke wangu mzigo nimemwonea wivu, sasa hivi." Akapiga funda, akalipuliza, maji yakatawanyika juani mbele ya behewa. "Nimekitupa. Nendeni salama."

"Mzee, mimi sikujua," alisema Ndambuki.

"Ulikuwa hujui, na mimi nilijua," Josephat alisema.

Mtu mmoja akacheka kidogo, cheko la kupumua, na mizigo ikaanza kuinuliwa. Josephat alijisikia mwepesi kwa namna ambayo hakuitarajia. Aibu ilikuwapo, lakini koo lilikuwa wazi. Akaona amefanya jambo kubwa mbele za watu, na ukweli ni kwamba kajivuno kadogo kalianza kumrudia. Akamgeukia mkewe ili amwone vizuri.

Tryphena hakuwa amepanda. Alimwendea Mwandawiro akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kibuyu, mzee," alisema. "Hata mimi ninacho."

Wanawake wenzake wakasimama. Mwandawiro akampa. Tryphena hakumtazama mtu mwingine ila mumewe.

"Kila Agosti nilifua suti nyeupe," alisema, bila kupaza sauti. "Nikaipiga pasi, nikakaa na watoto nikingoja arudi. Aliporudi alinionyesha picha. Mwaka wa kwanza nilimwuliza bahari ikoje, akaniambia ni kubwa. Nikangoja aniulize kama ningependa kuiona. Hakuniuliza mwaka ule, hakuniuliza tena. Ndambuki aliniuliza kama ningependa kuliona ziwa, siku ile ile aliyonijua. Baba Mable alidhani mwenye moto moyoni ni yeye peke yake."

Akapiga funda. Alikaa nalo mdomoni kwa muda, mashavu yamejaa, akimtazama, na Josephat akahisi hofu ambayo hata siku ya harusi hakuihisi, kwamba naye atameza. Mbele ya shamba zima, angefanya nini akimeza?

Tryphena akapuliza. Maji yaliruka, mengine yakaangukia vumbi, mengine yakamlowesha Josephat viatu na miguu ya suruali.

"Nimekitupa," alisema, akampa Mwandawiro kibuyu, akachukua masufuria yake kwa Ndambuki na kupanda behewani.

Gadi akapeperusha bendera. King'ora kikalia kwa karibu kuliko Josephat alivyozoea kukisikia. Alitembea kidogo kandokando ya behewa akitafuta dirisha lake, akalipata. Alitaka kumwambia kwamba mwakani wataenda kuiona bahari, wao wawili, lakini alijikuta anasema neno jingine.

"Tryphena, ungependa kuiona bahari?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipopata mtoto. Gari lilikuwa limekwisha kuanza kwenda, na mkono wa Tryphena ulikuwa kwenye ukingo wa dirisha.

"Niulize nikirudi," alisema.

Josephat alirudi kambini kwa miguu, baiskeli ya Ndambuki akiikokota kandoni. Alipofika nyumbani viatu vilikuwa havijakauka. Akateremsha suti nyeupe kutoka nyuma ya mlango, akachota maji, akatafuta sabuni. Ikamchukua muda mrefu kuipata, kwa sababu hakuwa anajua inakowekwa.