Rangi Juu ya Rangi

Kondoo majike wote kumi na wawili walikuwa na matako mekundu, na sasa buluu ilikuwa inaifunika nyekundu. Mjane akaona mambo yamenyooka.

Kazi yenyewe ni hii: unampaka dume rangi kifuani, akimpanda jike, anamwachia alama. Baada ya siku kumi na saba unabadilisha rangi. Na Jemedari, dume lake lenye shingo kama gogo, hakuwa amemsaza hata mmoja. Dume mdogo, Kimya, akithubutu tu kunusa jike, alipigwa kichwa mpaka akajibanza nyuma ya pipa la maji.

"Huyo ndiye mwanamume, shoga!" alisema jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. "Mara mbili mbili! Wangu hata mara moja analalamika mgongo."

Walicheka, ila mjane alicheka roho ikiwa juu. Kaka wa marehemu mumewe alikwisha kutamka mbele za watu: "Shemeji, msimu huu kondoo wasipozaa, nawachukua wote. Ufugaji si kazi ya wanawake."

Daktari wa mifugo alipopita kuchanja, alitazama ile buluu, wala hakucheka.

"Mama, jike akishika mimba hamtaki dume tena; asiyeshika humtaka tena ndani ya siku kumi na saba. Rangi ya pili maana yake hakuna aliyeshika."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Redio akanyamaza, jambo ambalo mtaa haukuwahi kulisikia.

Daktari akapiga goti nyuma ya Jemedari, akapapasa korodani. "Weka mkono hapa."

Mjane akaona haya, akaweka. Uvimbe, mgumu kama kokoto.

"Huu ni ugonjwa. Mbegu zake hazifai, na kwa ubabe wake hampi mwenzake nafasi."

"Nilimchagua kwa kuwa aliwashinda wote."

"Kushinda anajua, mama. Kuzalisha ni kazi nyingine."

Akampapasa Kimya pia, akamtoa damu. Siku mbili zikapita. Majibu yakaja: mzima. Mchana huohuo Jemedari akapelekwa machinjioni.

Kimya akapakwa kijani. Siku ya kwanza hakutoka nyuma ya pipa, macho langoni. Ya pili, vilevile.

"Anaogopa mzimu," Redio alinong'ona.

Mjane akaliinamisha pipa, akalimwaga, akalibiringisha mpaka nje ya zizi. Kimya akabaki hana pa kujificha, akitetemeka, majike wakimtazama. Jioni, jike mmoja alikuwa na kijani. Kabla ya siku kumi na saba kwisha, wote.

Kisha nyeusi. Kila asubuhi alizunguka zizi akikagua matako kama askari anayepekua mizigo, akiomba asione weusi. Akauona kwa mmoja. Akauona kwa wa pili. Akangoja wa tatu, siku baada ya siku.

Siku ya kumi na nane ya nyeusi shemeji akaingia na kamba begani. Akatazama kondoo, akatikisa kichwa.

"Haya shemeji, umeshindwa. Wawili tu ndio walau dume amewarudia. Hawa kumi wengine hata hawataki."

Redio akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimcheza.

Mjane akashusha pumzi aliyoibana tangu msimu uanze. "Kaa chini, shemeji," alisema. "Na hiyo kamba iweke. Nikueleze habari ya rangi."